Bonaire kwa pikapu: kuzamia kutoka ukingoni mwa barabara

Jumamosi

Tumetua Bonaire alasiri, baada ya karibu saa kumi angani kutoka Amsterdam. Uwanja unaitwa Flamingo na umepakwa rangi ya waridi. Niko na shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayeishi Rotterdam. Sote wawili tulijifunzia kuzamia Unguja, Nungwi, ambako kila mzamo huanza na boti: unasubiri ijae, unasubiri nahodha aamue, unakwenda anakokwenda yeye. Hapa Bonaire mzamiaji anakodi pikapu, anapakia mitungi nyuma, anaendesha pembezoni mwa bahari, na akiona jiwe la njano lililoandikwa jina la mwamba, anaegesha, anavaa, anaingia majini kwa miguu yake. Kwa ajili ya uhuru huo tumevuka Atlantiki.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake haufiki kilomita 40, na kiko kilomita 80 hivi kaskazini ya pwani ya Venezuela. Tangu 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi, ila fedha yake ni dola ya Marekani. Watu wanazungumza Kipapiamentu, na Kiholanzi ofisini. Mji mkuu ni Kralendijk, mji wa nyumba fupi za rangi rangi unaoweza kuumaliza kwa miguu kabla jua halijakuchosha.

Kijana aliyetukabidhi pikapu hakutueleza mengi kuhusu gari. Ni la gia za mkono, lina milango minne, na nyuma lina fremu ya mbao ya kushikilia mitungi isigongane. Alichokisisitiza ni hiki: mkienda kuzamia msifunge milango, na msiache kitu chochote ndani, hata miwani ya jua. Vibaka wanajua kwamba mzamiaji atakaa chini karibu saa nzima. Wakikuta gari liko wazi na tupu, wanaondoka. Wakikuta limefungwa, wanavunja kioo ili waone kilichofichwa. Ufunguo ni wa chuma kitupu, hauna kifaa cha umeme ndani, kwa hiyo unaingia nao majini.

Shemeji ndiye dereva kwa sababu hapa gari hupita kulia. Kisiwa kizima hakina taa hata moja ya kuongozea magari. Wenye haki ya barabara ni punda, wajukuu wa wale walioletwa na Wahispania kubeba mizigo, wakaachwa wazurure kazi ilipokwisha. Jioni hii tumesimama mara kadhaa kuwapisha.

Jumapili

Leo ilikuwa siku ya kanuni. Huwezi kuzamia Bonaire kabla ya kutimiza mambo mawili. La kwanza ni ada ya hifadhi, dola 40, inayolipwa kwa STINAPA, shirika linalosimamia hifadhi, na kukutosha kwa mwaka mzima wa kalenda, baharini na pia katika hifadhi ya nchi kavu. Hiyo ni mbali na kodi ya kuingia kisiwani, dola 75. La pili ni maelezo ya kanuni na mzamo mmoja mbele ya kituo unachochukulia mitungi, ili wenyeji waone jinsi unavyoelea. Asiyeweza kuelea vizuri atagusa matumbawe, na kugusa ni marufuku. Glavu ni marufuku, kwa sababu mwenye glavu hushika. Kisu nacho marufuku. Tangu 2021 hata mafuta ya kujikinga na jua yenye oksibenzoni au oktinoksati hayaruhusiwi, kwa vile yanadhuru matumbawe machanga.

Mwalimu wetu, mama wa makamo mzaliwa wa hapa, alikuwa mpole lakini hakuacha nafasi ya kujadiliana. Alituonyesha mikono inapokaa: imekunjwa, mbele ya kifua. "Hivyo hivyo mpaka mtoke," akasema.

Nilimpenda kwa hilo. Kanuni hizi hazikuzuka jana, nazo ndizo zilizofanya kuwe na kitu cha kuja kukitazama. Uwindaji wa samaki kwa mishale ya chini ya maji ulipigwa marufuku 1971, kuchuma matumbawe 1975, na 1979 bahari yote inayozunguka kisiwa ikafanywa hifadhi, kuanzia alama ya maji makuu hadi kina cha mita 60. Kutia nanga kukakatazwa. Boti zinafungwa kwenye maboya ya kudumu. Aliyeyapigania sana maboya hayo ni Mmarekani mmoja, Don Stewart, aliyefika kwa jahazi lake 1962 akabaki hapa hadi alipofariki 2014. Wenyeji wanamwita Captain Don mpaka leo, na ukikaa na mzamiaji yeyote mzee wa hapa jina lake litatajwa.

Mzamo wenyewe ulikuwa Bari Reef, ambako wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 300 za samaki. Unashuka ngazi, unavaa mapezi maji yakiwa kifuani, unaogelea juu ya mchanga, na kwenye mita kumi hivi mwamba unaanza kuteremka. Hakuna kungoja maji yajae. Kwetu wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na mzamiaji asiyejua kupwa na kujaa hana lake. Hapa tofauti ya maji haifiki hata nusu mita. Ile jedwali ya maji ninayoitazama kila asubuhi nikiwa Unguja, hapa haina kazi.

Jumatatu

Kinachoamua mahali pa kwenda Bonaire ni upepo na barabara. Upepo unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Sisi tumezoea kaskazi ipishane na kusi, na bahari ibadilike pande. Huku upepo hauhami. Kwa hiyo pwani ya mashariki inapigwa na mawimbi siku zote na pwani ya magharibi imetulia. Karibu mawe yote ya njano yako magharibi.

Barabara nayo ina masharti yake. Ukitoka Kralendijk kwenda kaskazini, lami inapita kati ya jabali na bahari, nyembamba, na baada ya kupita mwamba unaoitwa 1000 Steps inakuwa ya kwenda tu, hairudi. Ukipita jiwe la njano ulilolitaka, utazunguka hadi Rincon, ndani kabisa ya kisiwa, ndipo urudi mjini na kuanza upya. Kwa hiyo usiku kabla ya safari tulitandaza ramani kitandani tukapanga: kwanza 1000 Steps, kisha Karpata, chakula Rincon, nyumbani. Mzamo wa kina zaidi kwanza, wa kina kidogo baadaye, na mapumziko ya kutosha katikati ili naitrojeni, gesi inayojikusanya mwilini mtu akizamia, ipungue.

Jina la 1000 Steps linatisha bure. Ngazi hazifiki mia. Lakini zimechongwa kwenye jabali la chokaa, hazilingani kimo, na mtu anazishuka akiwa amebeba mtungi, mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha na fulana ya kuelea, zaidi ya kilo ishirini mgongoni, na jua la saa tatu asubuhi limeshapamba moto. Wakati wa kupanda unazihesabu upya na kuamini jina. Chini kuna ufuko wa vipande vyeupe vya matumbawe vinavyolia kama kengele ukivikanyaga. Majini tulikutana na ng'amba akila sifongo. Alikuwa ameshika mwamba kwa pezi moja, na kwa lile jingine anasukuma vipande vilivyomning'inia mdomoni. Tulikaa naye mita tatu hivi, mikono kifuani kama tulivyofundishwa, na hakujali. Kila alipong'ata, vitatange wadogo walimzunguka kichwani kugombania makombo.

Karpata iko mwisho wa barabara hiyo ya kwenda tu, chini ya jumba la zamani la shamba. Mahali pa kuingilia pana mawe na wimbi fupi, inabidi uhesabu mawimbi kabla ya kushuka. Chini, mwamba unaanguka kwa ukali kuliko kusini, na kuna nanga kubwa ya kale iliyomezwa na matumbawe kiasi kwamba unaiona umbo tu. Ni ya enzi za matanga. Leo kutupa nanga mahali pale pale ni kosa la jinai, na nilipoitazama nilifikiri ni miaka mingapi imepita mpaka mwamba ukaifunika.

Tulipita kando ya ziwa la Gotomeer, flamingo wakiwa wamesimama kwenye maji ya chumvi, tukaingia Rincon. Ni kijiji kikongwe kuliko vyote kisiwani. Wahispania walikiweka bondeni ili kisionekane kutoka baharini. Tulikula mbuzi wa kuchemshwa taratibu na viungo, kabritu stoba, pamoja na funchi. Shemeji alimega funchi kwa mkono, mpishi akacheka, akatuuliza tunatoka wapi. Ni ugali huo huo wa mahindi, laini kidogo kuliko wa kwetu. Tukaongezwa bakuli bila kuomba.

Jumanne

Kusini ni nchi tofauti. Milima inaisha, miti inaisha, na mbele yako kuna vilima vyeupe pe vya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, jua na upepo ule ule usiohama huyakausha, na jinsi chumvi inavyozidi ndivyo maji yanavyogeuka kuwa ya waridi. Mkanda wa kusafirishia chumvi unapita juu ya barabara hadi gatini.

Mzamo wa kwanza ulikuwa wa meli, Hilma Hooker. Ilikuwa meli ya mizigo ya mita 72. Mwaka 1984 ilizuiliwa Kralendijk, na walipoipekua wakakuta kiasi cha tani 11 za bangi nyuma ya ukuta wa uongo. Mwenye meli hakujitokeza. Ilikuwa inavuja, ikavutwa hadi kwenye mchanga kati ya miamba miwili, na asubuhi ya 12 Septemba 1984 ikazama. Sasa imelalia ubavu wa kulia, kwenye mita 30. Kwa kina hicho tulitumia mitungi ya hewa ya kawaida na tukaiangalia kompyuta ya kuzamia, inayohesabu kina na muda, kuliko kitu kingine. Samaki wakubwa aina ya tarpon, urefu wa mtu mfupi, walikuwa wamening'inia kivulini bila kutikisika, magamba yao yakimeta kila walipogeuka. Propela imebaki mahali pake. Ndani hatukuingia; hatuna mafunzo ya kuingia ndani ya meli zilizozama, na nje kunatosha.

Mchana tukazamia chini ya gati la chumvi, Salt Pier. Huruhusiwi kuingia meli ikiwa gatini, kwa hiyo kitu cha kwanza asubuhi ni kutazama upeo wa bahari. Leo hakukuwa na meli. Maji ni ya kina kidogo, na nguzo zote zimevikwa sifongo za zambarau, za manjano, nyekundu. Mwanga unaingia kati ya nguzo kwa mistari. Mzia mmoja mkubwa alisimama karibu na ngazi ya chuma na hakubanduka mzamo mzima. Ukinilazimisha nichague mwamba mmoja wa Bonaire nitaurudia huu, ingawa wazamiaji wengi wangetaja kaskazini.

Mbele kidogo kuna vibanda vya watumwa. Vilijengwa 1850, vya mawe, vimepangwa mstari mbele ya bahari nzuri kuliko zote tulizoziona. Mlango wake haufiki kifuani mwangu. Mtu mzima anaingia kwa kuinama hadi magoti yaguse. Ndani hulali umejinyoosha ukiwa na mwenzako bila kugusana, na ndimo walimolala watu waliokata chumvi mchana kutwa juani, juu ya weupe unaochoma macho. Familia zao zilikuwa Rincon, mwendo wa saa nyingi kwa miguu; sisi jana tulifika huko kwa pikapu tukiwa tunasikiliza redio. Nyuma ya vibanda umesimama mnara mrefu wa mawe, mmoja kati ya minne iliyopakwa rangi tofauti, ili meli zijue pa kuja kuchukulia chumvi. Utumwa ulifutwa hapa 1 Julai 1863, miaka kumi kabla ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa. Nimekulia karibu na Mkunazini, nimepita mahali pa soko lile tangu utotoni. Shemeji alitoka kwenye kibanda akakaa juu ya jiwe, na tulikaa hapo mpaka nguo zikakauka. Miamba miwili ya jirani imeitwa kwa majina ya vibanda hivyo, White Slave na Red Slave. Leo sikutaka kuizamia.

Jumatano

Mchana tulipumzika. Usiku ulikuwa ndio shabaha.

Tulipanga likizo hii iangukie siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa sababu ya viumbe wadogo kuliko punje ya ulezi. Ni ostrakodi, jamii ya kamba, wenye ganda la pande mbili. Katika siku hizo kuna muda wa giza kati ya jua kuzama na mwezi kuchomoza, na ndipo madume yanapotoka kutafuta majike. Duniani kote ni hapa Karibea tu ambako ostrakodi hubembelezana kwa mwanga.

Tuliingia majini dakika arobaini hivi baada ya machweo, tukapiga magoti mchangani kwenye mita sita, mbele ya matumbawe laini, tukazima tochi. Mwanzo huoni kitu isipokuwa mapovu yako. Kisha nukta moja ya buluu, kimo cha goti. Juu yake nyingine. Juu yake nyingine tena, zikipanda, kila moja ikibaki kidogo kabla ya kufifia, mpaka ukawa mstari wima wa nukta kama kumi. Dume mmoja ndiye anayeziacha huku akiogelea kwenda juu. Wa pili akaanza mkono wa kushoto, halafu wakaanza wengi kwa pamoja, na pande zote nilizogeuka mistari ilikuwa inapanda. Shemeji alinishika bega akaniminya. Hakuna kamera yetu iliyoweza kulinasa hilo, na hatukujaribu sana. Tukawasha tochi wakati wa kurudi, na papo hapo tarpon wakaja ubavuni kwetu kutumia mwanga wetu kuwindia.

Alhamisi

Hifadhi ya Washington Slagbaai, kaskazini kabisa. Ilianzishwa 1969, kutoka shamba la zamani lililotoa mkaa, chumvi, mishubiri na mbuzi. Shamba la pili, Slagbaai, likaunganishwa baadaye. Bila gari lililoinuka huruhusiwi kuingia, na ukishaingia unaelewa sababu: njia ni ya mawe na makorongo, ya kwenda tu, na madungusi kakati marefu yamesimama kila upande. Mitungi ilibidi tuifunge kwa kamba. Tulizamia Wayaka tukiwa peke yetu kabisa. Mlima Brandaris, mita 241, ulikuwa mgongoni kwetu, mrefu kuliko wote kisiwani.

Huko ndiko nilikoyaona majeraha waziwazi. Tumbawe la umbo la ubongo, pana kama meza ya watu sita, nusu yake lilikuwa hai, la kahawia, na nusu lilikuwa mifupa meupe, mpaka kati yao ukiwa mkali kama umekatwa kwa wembe. Ni ugonjwa unaoua nyama ya matumbawe magumu. Ulionekana kwanza Florida 2014 na ukathibitishwa Bonaire Machi 2023. Unavamia tumbawe la karne nzima na kulimaliza kwa wiki au miezi. Ndiyo maana kila jioni tunatumbukiza vifaa vyote kwenye pipa la dawa kabla ya kuvisuuza, suti, mapezi, fulana, mpaka mikanda. Kazi hiyo inachosha mwisho wa siku, na sijaona mtu akiikwepa.

Ijumaa

Mzamo wa mwisho ulikuwa wa asubuhi mapema, ili saa 24 zipite kabla ya kupanda ndege na bado tubaki na akiba. Tulichukua boti kwenda Klein Bonaire, kisiwa kitupu kilichoko mita 800 tu mbele ya mji. Humo ndani alikuwepo mtu tunayemfahamu: samaki simba, mwenye milia na mapezi ya miiba ya sumu. Kwetu ukimkuta unampisha, maisha yanaendelea, maana bahari ya Hindi ndiyo kwao na ina wenye kumla. Hapa ni mvamizi. Alionekana Bonaire mara ya kwanza 2009, hana adui, na anameza vifaranga vya samaki wa mwamba bila kikomo. Mwongozaji wetu wa botini ana kibali cha kumwinda, mshale mfupi na mrija wa plastiki wa kumhifadhia. Alimchoma mmoja, akamtia mrijani. Ndiye mnyama pekee anayeruhusiwa kuuawa katika hifadhi hii na wazamiaji, na mchana tulimla akiwa amekaangwa. Nyama yake nyeupe, tamu.

Jumamosi

Leo hatuzamii, na pikapu ilitupeleka upande wa upepo. Ghuba ya Lac ina mikoko na majani ya bahari, maji yanafika kiunoni kwa mbali sana, na vijana wa hapa wanapeperuka na mbao zao za tanga. Kasa wachanga wanalishia humo, na samaki wengi tuliowaona kwenye miamba ya magharibi hulelewa kati ya mizizi ya mikoko hii. Tulikodi mtumbwi mdogo tukapita kwenye vichochoro vyake, na nilifurahi kuona mikoko ikiwa na walinzi.

Pikapu tumeirudisha ikiwa na mchanga hadi kwenye dashibodi, wenyewe wamezoea. Tukakubaliana nao tuichukue tena mwakani kwa wiki mbili, mwezi wa Septemba au Oktoba, ambapo matumbawe huzaa usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu. Shemeji ameshaomba likizo.